Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, dakika hapana

Kwa safari za kutoka kiwanja kidogo cha ndege kwenda kingine nina kikokotoo kimoja cha mtandaoni ninachokikimbilia kabla sijagusa tiketi. Unaandika viwanja viwili, kinakupa kilomita, maili na muda wa kuruka. Hakiombi usajili wala barua pepe, na hata intaneti ikiwa ya kusuasua kinafunguka.

Kwenye kilomita sina ugomvi nacho. Kinapima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na nikikilinganisha na vingine tofauti haifiki asilimia moja. Hiyo nayo ina sababu: baadhi huihesabu dunia kama tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, vingine hukumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Muda ndio unaonichosha. Kinagawanya umbali kwa kasi ileile ya kilomita 800 hivi kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa ndege kubwa ya masafa marefu haikosei sana. Sasa njoo kwenye viwanja vidogo, ambako mara nyingi unapandishwa ndege ya panga boi kama ATR 72, ambayo hata ikishatulia angani inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Umbali wa kilomita 400 kinakuandikia saa moja. Kwa mwendo wa ATR, hizo kilomita zinakula dakika 48, na ukiongeza nusu saa yake ileile unafika saa moja na dakika 18. Mwenye ndege ya kuunganisha anaelewa dakika 18 ni kitu gani.

Nikakichokoza kwa njia ya Westray kwenda Papa Westray, visiwa vya Orkney huko Scotland. Ni kilomita 2.7 hivi, na ratiba huipa safari hiyo dakika mbili. Kikokotoo kikajibu bila haya: dakika 30!

Tena kwenda na kurudi kinatoa muda uleule, kana kwamba upepo haupo. Ndege ya mwendo mdogo ndiyo inayoumia zaidi ikikutana na upepo wa mbele. Na muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya uendako, kwa hiyo na ule mwendo wa kujikongoja ardhini umo.

Majina pia yaangalie. Ukiandika San Jose kinakuletea ya California juu, ya Costa Rica inajificha chini yake. Mimi siku hizi naandika herufi tatu tu za utambulisho wa kiwanja, SJC ya California au SJO ya Costa Rica, basi. Halafu kitakupa saa na dakika hata kama hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja kati ya viwanja hivyo, na kwa viwanja vidogo hilo ni jambo la kawaida: unazungushwa kupitia kiwanja kikubwa, safari ya saa moja inakula nusu siku. Hapo ratiba ya shirika ndiyo ya kusoma.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiweka tu sehemu ya kuchagua aina ya ndege, ya nne naitoa.