Konvata za sauti: uliza kwanza inapata wapi umeme

Mwezi wa nne nilinunua konvata Kariakoo kwa shilingi 25,000. Ni kile kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, cha kugeuza sauti ya kidijitali ya TV iwe ile amplifaya za zamani zinazoielewa, upande mmoja tundu la waya wa optiko (wa mwanga), upande wa pili matundu mawili, jekundu na jeupe. TV yetu mpya inatoa sauti kwa HDMI na optiko tu, na amplifaya aliyoniachia marehemu baba haielewi lugha hiyo, inataka zile pini mbili za zamani. Nikafunga, nikawasha. Taarabu ikaanza vizuri, lakini chini yake kulikuwa na mvumo, mmmmm, kama friji la chumba cha pili. Nikipunguza muziki, mvumo hausogei.

Nikarudi dukani. Nikaambiwa amplifaya yangu imezeeka. Nikasisitiza, nikabadilishiwa kisanduku, nikapanda daladala kurudi nyumbani, mvumo uleule. Wasomaji kadhaa wamenieleza kisa hikihiki, na karibu wote walishauriwa wakanunue spika mpya. Jambo hili linaniuma, maana kuna watu wametupa vyombo vizima.

Tatizo lilikuwa waya wa umeme wa konvata. Waya wa optiko, ambao Toshiba waliutoa mwaka 1983 kwa ajili ya mashine zao za CD, unapitisha mwanga peke yake. Hakuna shaba inayounganisha TV na amplifaya, kwa hiyo uchafu wa umeme wa TV hauna pa kupita. Hiyo ni faida kubwa sana, na tunaiua kwa mikono yetu. Kisanduku kinahitaji volti 5, kwenye boksi umewekwa waya wa USB bila chaja, na muuzaji anakwambia chomeka nyuma ya TV. Sasa fuata njia: TV imeungwa na king'amuzi, king'amuzi na dishi, dishi limefungwa kwenye bomba la chuma nje. Amplifaya nayo, kama ina plagi ya pini tatu, ina ethi yake (waya unaoenda ardhini) ukutani. Ukichomeka ile USB, pande hizo mbili zimeshikana tena kwa shaba, na umeme mdogo wa hezi 50 unaanza kuzunguka kwenye waya wako wa sauti. Ndio huo mvumo. Nilipotoa USB kwenye TV na kuitia kwenye chaja ya simu ukutani, ukakatika papo hapo. Wiki mbili nilihangaika kwa jambo la dakika moja ambalo mtu anayeuza konvata kila siku alipaswa kunieleza.

Hata hivyo ulibaki mchirizi mwembamba, ssss, na ukiisogelea spika unausikia. Huo unatoka ndani ya kisanduku chenyewe, na hapo ndipo tofauti ya bei inapoanza.

Watu wanadhani wanalipia chipu, ile inayogeuza namba kuwa sauti. Chipu nzuri tu ya AKM au ESS, kampuni zinazotengeneza chipu hizo, ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha zinaenda kwenye kusafisha umeme kabla haujaigusa hiyo chipu, kwenye saa ya kuongoza namba zisiyumbe, kwenye sehemu ya mwisho inayosukuma sauti hadi kwenye amplifaya, na kwenye kasha la chuma. Kisanduku cha bei ya chini kimefyeka vyote hivyo kikabakiza chipu. Ndiyo maana sitakushauri utazame maandishi ya biti 24 na kilohezi 192. Yako kwenye kila boksi, na CD yenyewe ni biti 16 kwa kilohezi 44.1.

Kuna pia bei zisizotokana na ufundi. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua, chipu zikaadimika na bei zikapanda. Watengenezaji wengine walilazimika kuhamia chipu za ESS. Konvata inayoweza kufungua Dolby, mfumo wa sauti za sinema, nayo inaongezeka bei kwa sababu ya leseni. Ukifunga ya kawaida ukasikia kimya au mkwaruzo mkali, huenda TV inatuma Dolby, usikimbilie dukani. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa.

Huko juu kabisa kuna zile zisizotumia chipu ya kawaida, zinazojengwa kwa ngazi ya rezista, vile vipande vidogo vinavyopunguza umeme. Ili ngazi ya biti 16 isikosee hata hatua moja, rezista ya hatua iliyo kubwa kuliko zote inatakiwa iwe sahihi kwa kiwango cha karibu sehemu moja katika 65,536. Kuzichagua na kuzilinganisha ni kazi ngumu, na bei inaweza kufika maelfu ya dola. Naiheshimu kazi hiyo. Kwa sebule yenye feni ya dari na watoto, siwezi kukwambia ununue.

Mpangilio wangu, basi. Namba moja ni FiiO K11, na sifichi kwamba FiiO naipenda. Nje inauzwa karibu dola 130. Inapokea USB, optiko na koaksia, ina tundu la kusikilizia masikioni, na lililonivuta zaidi: inakuja na adapta yake ya volti 12. Mtengenezaji amekata shauri la umeme mwenyewe, hakukuachia ukabahatishe. Namba mbili ni FiiO tena, D03K, ndogo, ya kuunga TV na amplifaya basi, ilimradi uipe chaja yake ya ukutani. Tatu ni Topping E30 II na SMSL SU-1. Kwa usafi wa sauti hazina deni kwa K11, na SU-1 ni ya karibu dola 80, ila zote mbili zinakuachia wewe utafute chaja, na chaja zetu za mitaani mnazijua. Kama muziki wako uko kwenye simu, kile kiwaya cha Apple cha USB-C chenye tundu la sauti, dola 9 huko Marekani, kinatosha kabisa.

Visanduku vyeusi visivyo na jina: nunua ukikosa hela nyingine, usichomeke kwenye TV.

Sasa hizi bei. Nilipoitafuta K11 hapa mjini niliuliza kwenye kurasa tatu za wauzaji mtandaoni. Mbili zilinijibu "njoo DM". Nikaenda DM, nikatajiwa bei. Jioni kaka yangu akauliza ukurasa uleule, akatajiwa pungufu kwa shilingi 60,000. Bidhaa ileile, siku ileile. Andikeni bei chini ya picha. Na mteja akija dukani na amplifaya yake kwenye begi, kama nilivyofanya safari ya pili, mwacheni achomeke asikilize kabla ya kutoa pesa. Duka nililonunulia D03K lilinipa soketi na kiti, nikakaa robo saa na sauti chini kabisa nikitafuta ule mvumo.