TAHADHARI: Kebo za RV za "ampea 30" ambazo ndani si shaba

Ndugu zetu mlioko Marekani mnaoishi au kusafiri na RV (gari-nyumba), someni hapa kabla ya kulipia kebo ya bei ya kutupa mtandaoni. Kuna wauzaji wanaouza kebo ya futi 25 yenye plagi ya TT-30 (plagi ya RV ya ampea 30), ganda nene, "30A" imeandikwa kwa herufi kubwa. Ukiipasua unakuta nyuzi nyembamba za alumini zilizopakwa shaba juu. Unene wote ule ni plastiki.

Kebo halali ya ampea 30 ina nyaya 3 za shaba, geji 10 (namba ya geji ikipanda, waya ni mwembamba zaidi). Hizi feki unakuta ni geji 14, tena alumini. Ukinzani wake unakaribia mara 4 ya ile halali, na joto nalo vivyo hivyo. Washa kiyoyozi na hita ya maji kwa pamoja: plagi inaanza kunuka, inalainika, pini ya nyutro inageuka kahawia. Breka ya kwenye nguzo ya umeme unakoegesha haitakuokoa. Yenyewe inaangalia ampea tu, na ampea hazijazidi 30. Wembamba wa waya haiuoni.

Kuitambua feki, sumaku haisaidii, maana hainasi shaba wala alumini. Tumia mizani. Shaba peke yake kwenye kebo halali ya futi 25 inazidi kilo 1, bado ganda na plagi. Kebo nzima isipofika kilo 2, umeuziwa alumini au waya mwembamba. Soma na maandishi yaliyopigwa kwenye ganda lenyewe, siyo kwenye boksi: yaonyeshe 10 AWG (yaani geji 10) na alama ya UL, shirika linalopima usalama wa vifaa vya umeme. Ukiona CCA kwenye tangazo, ndiyo hiyo alumini iliyopakwa shaba. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya maandishi ya ganda, achana naye.

Wengine wanaongezea adapta ya "bure" ya kuchomeka kwenye soketi ya drayeri ya nguo. Hapo ni hatari zaidi. TT-30 ni ya volti 120, drayeri inatumia 240. Usiiamini kabla ya kupima kwa multimita upande wa kutokea: laivu na nyutro zisome karibu 120. Ikisoma 240, ukichomeka tu, maikrowevu na chaja ya betri vimekwisha.

Uliyekwisha kununua kebo feki, zima breka ya nguzo kwanza, ndipo uchomoe. Kisha ikate vipande viwili, asije mwingine akaiokota akaitumia.