Nilisubiri miaka miwili, nikaishia kununua prosesa ileile

Oktoba 2023 niliingia duka moja Kariakoo na hela mkononi, nikaulizia Ryzen 7 5700X, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya AMD. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Dada, usinunue sasa hivi. Ngoja Januari bei itashuka. Halafu hiyo AM4 ndiyo imeshafika Kigoma, mwisho wa reli." AM4 ni soketi, yaani sehemu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) inayopokea prosesa hiyo. Nikarudi nyumbani na hela yangu. Januari nikaenda, akaniambia kuna matoleo mapya yako njiani, nivute subira. Mwaka uliofuata wimbo ni uleule. Prosesa nimekuja kuinunua Desemba 2025, na ni hiyohiyo 5700X niliyoiendea siku ya kwanza.

Sasa nina wiki kadhaa nayo, na kwa kuwa watu wengi wananiuliza wanunue au wangoje, naandika yaliyonikuta.

Kazi yangu ni video: harusi, sendofu, kicheni pati. Mashine ilikuwa na Ryzen 5 1600, prosesa ya 2017 yenye viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazobeba kwa pamoja), imekaa kwenye mazabodi ya B450. RAM (kumbukumbu ya muda) GB 32 za aina ya DDR4, kadi ya picha GTX 1660 Super. Kwa video za HD haikuwa na shida. Nilipoanza kupiga 4K, picha kali zaidi ya HD, ndipo nikawa mtu wa kubonyeza kitufe cha kutoa video halafu naenda kupika, narudi, nakula, naosha vyombo, bado iko asilimia 60. Kuna mama mmoja wa Tabata alikuwa ananipigia kila asubuhi: "Mwanangu, video ya sendofu ya dada yako imefikia wapi?" Nikawa naogopa simu.

Ushauri wa fundi haukuwa wa kijinga, niseme ukweli. AM5, soketi iliyoifuata AM4, ilitoka Septemba 2022, na AMD wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Ukiingia huko leo, kesho utabadilisha prosesa tu na mazabodi inabaki. Ukinunua ya AM4 umefika mwisho, hakuna kizazi kipya cha kuchomeka pale. Kwa mtu anayejenga mashine mpya kutoka sifuri, mimi mwenyewe ningemwambia aende AM5.

Ila mimi sikuwa najenga kutoka sifuri. AM5 haipokei DDR4 kabisa, ni DDR5 tu. Maana yake RAM zangu zinabaki mapambo, mazabodi inabaki pambo, nanunua vitu vitatu kwa mpigo. Agosti nilipewa hesabu ya RAM GB 32 za DDR5 kwa 310,000. Nikasema naongeza akiba kidogo, nirudi mwisho wa mwaka. Desemba muuzaji yuleyule akanitajia 780,000, uso mkavu. Nikadhani ananipiga. Nikamtumia ujumbe rafiki yangu anayefuata mizigo Dubai, akazunguka maduka ya Bur Dubai, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: kote zimepanda, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba, sisi wengine tunagombania makombo. Ngoja ngoja yangu ikaumiza tumbo langu mwenyewe.

5700X ilikuwa 430,000, kwenye boksi. Bila feni, kwa sababu boksi la 5700X haliji na feni; hilo liulize mapema usije ukafika nyumbani ukaanza kulaumu watu. Mimi nilikuwa na feni ya Wraith Spire iliyokuja na 1600, na kwa kuwa zote ni AM4, nikaifunga hiyohiyo.

Kabla sijalipa nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya 2023. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa kila kifaa, wakati video inatoka nikaangalia nani anateseka. Prosesa asilimia 100, nyuzi zote 12 zimejaa. Kadi ya picha inacheza kwenye 30. RAM imebaki kama nusu. Hapo hakuna ubishi. Lakini nina jirani, naye anaediti, alitaka kunifuata dukani. Tukafungua ya kwake: prosesa 40, RAM GB 8 imejaa mpaka juu, diski ni ile ya kuzunguka. Huyo alinunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM za mtumba, mashine ikafufuka, prosesa hajaigusa hadi leo.

Kwenye kufunga ndiko nilikotaka kulia.

Kwanza baiosi, programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mazabodi ya B450 ni ya 2018, haiwezi kuijua prosesa ya 2022 mpaka uisasishe, na kwa mazabodi kama yangu lazima uisasishe huku prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Ukichomoa kwanza, ukaweka mpya, utapata kioo cheusi na presha. Nilipakua faili kwenye tovuti ya watengenezaji wa mazabodi, nikaliweka kwenye flashi, nikachomeka mashine kwenye UPS, nikakaa mbele yake dakika nne bila hata kupiga chafya. Umeme ukikatika katikati ya zoezi lile, mazabodi inaweza kufa.

Pili, feni. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama nywele, na soketi haina kifuniko cha kuishikilia. Pesti ya miaka sita, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye feni, ilikuwa imekauka ikawa gundi. Nililegeza skrubu nne, nikavuta juu, na feni ikatoka. Na prosesa ikatoka nayo, imeng'ang'ania chini ya feni, huku kishikio cha soketi bado kimefungwa. Niliigeuza, nikasogea dirishani. Kona moja pini tatu zimelala. Nilizinyanyua moja moja kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile nimetoa risasi, nikiingiza pini kwenye tundu la ncha na kuisimamisha taratibu. Ilichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote. Baadaye ndipo nikaambiwa na mtoto wa shangazi, mwanafunzi wa kompyuta, kwamba unaiwasha kwanza mashine ifanye kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike, unaizima, halafu unaizungusha feni kulia na kushoto kabla ya kuvuta. "Ungeniuliza tu, dada." Asante, mdogo wangu.

Tatu, ilipowaka ikaniletea maandishi meupe kwenye kioo cheusi kuhusu fTPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, niteue Y au N. Hiyo ni kawaida ukibadilisha prosesa. Funguo zilizofungamana na prosesa ya zamani hazifanyi kazi kwenye mpya. Y inaanza upya. Lakini kama Windows yako imewashwa BitLocker, ulinzi unaoifunga diski kwa siri, hakikisha una ule msimbo wa kuokolea umeuandika mahali kabla hujaanza, la sivyo diski yako itakuwa kisanduku kilichofungwa na ufunguo umeliwa na samaki.

Matokeo? Video ya dakika 11 ya 4K iliyokuwa inachukua dakika 52, sasa 27. Viini 8, nyuzi 16, na kila kiini chenyewe kina nguvu kuliko cha zamani, kwa hiyo hata kufungua mradi na kuburuta vipande kumekuwa kwepesi. Joto linafika nyuzi 84 kwa feni ile ndogo, chumba changu cha Dar bila AC. Haizimiki, ila inapiga kelele kama feni ya jiko la mkaa. Nitanunua feni kubwa zaidi nikipata nafasi.

Faida nyingine sikuiwaza mwanzoni: Windows 11. Ryzen 5 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Na 5700X nimepanda bila hila yoyote.

Wenye Dell OptiPlex za mtumba, zile zenye prosesa ya Intel i5-6500 (kizazi cha sita) zilizojaa mitaani, nanyi nina neno lenu. Mtaambiwa i7 ya kizazi cha nane inaingia kwa sababu soketi zote zinaitwa 1151. Inaingia, ila haiwaki. Kizazi cha nane kinataka mazabodi yake. Mwisho wenu ni i7-6700, au 7700 kwenye baadhi, na hizo nazo haziwavushi kwenda Windows 11 kwa njia halali. Kwa bei ya i7-6700 mimi ningeiweka hela hiyo pembeni niuze mashine nzima.

Kitu kimoja prosesa haikunitatulia. Mwezi uliopita nilikodi kamera ya Sony kwa harusi moja ya Mbezi, nikapiga kwa 10-biti 4:2:2 (mpangilio unaohifadhi rangi nyingi zaidi) kwenye H.265 (njia ya kubana video) kwa kuwa kila mtu anaisifia. Nilipoiweka kwenye DaVinci Resolve, programu yangu ya kuhariri, ikawa inarukaruka kama redio yenye betri dhaifu. Kadi yangu haiwezi kufungua aina hiyo ya faili, na kadi za Nvidia zimeanza kuiweza kwenye kizazi cha RTX 50. Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, zenye kadi ya ndani, zinaifungua vizuri. Mimi sina kati ya hizo, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia 5700X, na hata viini 8 vinahema. Nimerudi kutengeneza proksi, nakala ndogo za kuhariria, kama zamani, na kamera ya kukodi naiweka 4:2:0, yenye rangi chache zaidi lakini nyepesi.

Nimepitia dukani juzi kuulizia kadi za RTX 50. Fundi yuleyule. "Dada, ngoja kidogo, zitashuka."