Sumaku ya kunyanyulia pleti za chuma: ipi inafaa karakana ya Dar

Sumaku nyingi utakazoonyeshwa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, au utakazoletewa kwa oda, zimepigwa chapa ubavuni: kilo 300, kilo 600, kilo 1,000. Namba hiyo haidanganyi, ila ilipimwa juu ya chuma kinene, tambarare, kisicho na kutu wala rangi. Pleti zinazobebwa kila siku Chang'ombe, Vingunguti na kandokando ya Barabara ya Nyerere ni za milimita 6, 8 au 10, na nyingi zimelala nje wiki kadhaa zikipigwa na hewa ya chumvi. Kabla ya kuuliza bei, pima unene wa pleti nyembamba kuliko zote unazonyanyua. Huo ndio utakaokuchagulia sumaku.

Uzito haukisiwi kwa macho. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, zidisha kwa unene wa milimita, kisha zidisha kwa 7.85, jibu ni kilo. Pleti ya futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, ina kilo 140 ikiwa ya milimita 6, kilo 234 ikiwa ya milimita 10, na kilo 467 ikiwa ya milimita 20.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu ana pleti ya kilo 234, ananunua sumaku ya kilo 300, anaona amebakiza akiba. Sumaku ya ukubwa huo kwa kawaida huhitaji chuma cha milimita 20 hadi 25 ili ifikishe kilo zake 300. Juu ya pleti ya milimita 10 nguvu yake inaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, kwa kuwa chuma chembamba hushiba: kikishajaa usumaku hakipokei zaidi, na unaobaki unavuja pembeni bila kushika kitu. Kwa sababu hiyohiyo, kukimbilia sumaku ya kilo 1,000 si dawa. Imeundwa kwa chuma kinene, na juu ya pleti ya milimita 6 inaweza isiizidi sana ile ndogo. Kwa pleti nyembamba na pana, sumaku mbili ndogo zilizofungwa kwenye boriti moja hushinda sumaku moja kubwa.

Muuzaji akupe chati ya unene, inayoonyesha sumaku inabeba kilo ngapi kwa kila unene wa pleti. Asiye nayo, mwache na sumaku yake. Aina zenyewe ni nne, kuanzia inayoifaa karakana zaidi.

1. Sumaku ya kudumu yenye mkono

Kwa karakana nyingi za Dar hii ndiyo namba moja. Haina waya, haina betri, na TANESCO wakikata umeme pleti haitikisiki. Ndani kuna sumaku za neodimiamu. Ukizungusha mkono, usumaku unaelekezwa kwenye pleti, ukirudisha unafungiwa ndani. Kiwango cha Ulaya cha EN 13155 kinataka nguvu ya kubandua iwe angalau mara 3 ya uzito ulioandikwa, kwa hiyo tafuta cheti cha majaribio chenye namba ileile iliyopigwa kwenye mwili wa sumaku.

Unapoikagua dukani, tazama uso wa chini. Uwe umesagwa tambarare, bila mikwaruzo mirefu wala ncha zilizovimba. Kufuli ya mkono ishike yenyewe bila kusukumwa. Ijaribu juu ya chuma kinene, usiijaribu hewani: pasipo chuma chini, mkono ni mzito na unaweza kurudi kwa kishindo ukavunja kiwiko. Hata juu ya pleti nyembamba utausikia mkaidi, na huo ni ujumbe kwamba usumaku haupati pa kupita. Anayeongezea kipande cha paipu ili auzungushe kwa nguvu anajitafutia ajali.

Udhaifu wake ni joto. Neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, na nguvu inayopotea hivyo huenda isirudi. Kipande kilichotoka kukatwa kwa gesi kiache kipoe hadi uweze kukigusa kwa mkono mtupu.

2. Sumaku mseto, ya kudumu inayowashwa kwa umeme

Umeme unahitajika kwa muda mfupi tu, wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Katikati hapo sumaku inashika yenyewe, hata waya ukikatika. Ukiwa na meza ya kukatia chuma kwa plazima au pleti za mita 6 zinazohitaji sumaku nne au sita kwenye boriti, hii ndiyo chaguo bora, na ingekuwa ya kwanza kama si bei. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba yupo fundi hapa nchini anayeweza kutengeneza kisanduku chake cha kuongozea, maana ndicho huharibika, si sumaku.

3. Sumaku ya umeme ya betri

Hubeba betri yake mgongoni, kwa hiyo inafaa yadi isiyo na soketi karibu. Inategemea nidhamu ya kuchaji. Iwe na king'ora cha betri iliyoshuka, tena iwe inakataa kuanza kunyanyua betri ikiwa chini. Betri za asidi zilizoachwa tupu kwenye joto letu hufa mapema. Zichaji kila jioni, hata kama kazi ilikuwa ndogo.

4. Sumaku ya umeme wa gridi

Imekaa mwisho kwa ajili ya karakana; kwenye yadi ya chuma chakavu na kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma ndiyo mfalme. Usumaku wake unapenya mbali, unavumilia mapengo, na mkondo ukipunguzwa unaweza kuachia shiti moja moja. Tatizo linajulikana: umeme ukikatika, mzigo unaanguka. EN 13155 kinataka betri ya dharura ya kushikilia mzigo kwa dakika 10 au zaidi. Ya Dar bila betri hiyo usiikubali hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na jenereta haihesabiki, kwa kuwa hata ya kujiwasha huchukua sekunde kadhaa kuanza.

Soma pia kiwango cha kufanya kazi na kupumzika. Sumaku ya asilimia 60 hufanya kazi dakika 6 katika kila 10. Koili ya shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 100, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 30, mkondo unapungua kwa karibu robo, na nguvu ya kushika inafuata. Iliyofaulu asubuhi inaweza kushindwa saa nane mchana kwa mzigo uleule.

Kuitumia

Piga brashi ya waya mahali sumaku itakapokaa na uso wa sumaku wenyewe. Kutu iliyovimba, rangi nene au matone ya kuchomelea huacha pengo, na pengo la nusu milimita tu hula sehemu kubwa ya nguvu. Pleti zenye vinundu, zile za sakafu za malori, zigeuze ushike upande laini. Stenlesi za daraja la 304 na 316 hazishikiki kabisa.

Chora mistari miwili ya chaki kutoka kona hadi kona. Inapokutana ndipo katikati. Nyanyua sentimita 10, simama, tazama. Pleti ya futi 4 kwa 8 ya milimita 6 ikishikwa katikati, ncha zake hulegea sentimita 2 hadi 3. Ya milimita 3 hulegea karibu sentimita 10, na kulegea huko ndiko kunakoibandua kuanzia ukingoni. Ukiona mwanga kati ya sumaku na pleti, shusha, tumia boriti yenye sumaku mbili.

Angalia pia kama shiti ya pili imefuatana na ya kwanza. Ikiwa nyembamba hufanya hivyo mara nyingi, kisha hujiachia katikati ya safari. Usisimamishe pleti wima kwa sumaku: hapo kinachoizuia isiteleze ni msuguano tu, kwa kazi hiyo tumia klampu ya pleti. Mzigo uongozwe kwa kamba, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asiguse sumaku hizi wala kuzisogelea.

Sumaku ni kifaa cha kunyanyulia kama winchi, kwa hiyo iorodheshe pamoja na cheni na ndoano mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, anapokuja. Baada ya kazi ifute, paka uso wa chini mafuta mepesi, iweke juu ya ubao ikiwa imezimwa. Ikilala sakafuni karibu na grenda, asubuhi utaikuta imeota ndevu za vumbi la chuma, na ndevu hizo nazo ni pengo.