Levittown au Bronzeville: Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia

Levittown, kitongoji kipya nje ya jiji la New York, ilianza kujengwa 1947, nyumba zinafanana zote, askari waliorudi vitani wanapewa mkopo kwa dhamana ya serikali, bustani ya nyasi, TV sebuleni, raha kweli ila mtu mweusi hakuruhusiwa kuishi, mikataba ya mwanzo iliandika hivyo wazi. Bronzeville, mtaa wa watu weusi kule Chicago, watu walibanana vyumbani na kodi ilikuwa juu, lakini mtaa ulikuwa hai jamani! Barabara ya 47 ilikuwa na ukumbi wa burudani wa Regal Theater, makanisa yalijaa, gazeti la watu weusi la Chicago Defender lilisomwa mpaka majimbo ya kusini. Kwa utamaduni mi naipa Bronzeville bila kusita. Kwa mali Levittown ilishinda, na haikuwa haki, maana hata Mahakama Kuu ilipokataa masharti ya ubaguzi 1948 kampuni iliyoijenga Levittown iliendelea kuwauzia weupe tu.