Vifuniko viwili vya sakafuni na pampu ya kubadili kasi: miezi 14 baadaye

Mpwa wangu ana mazoea ya kupiga mbizi mpaka sakafuni akaguse kifuniko cha katikati ya bwawa, kile kinachofunika tundu ambalo pampu huvutia maji, ndipo aibuke. Siku hiyo alikuwa kavaa fulana pana badala ya nguo ya kuogelea. Akazama, akachelewa kuibuka. Alipotokeza kichwa hakuwa akicheka. "Mjomba, lile shimo limenishika nguo." Upindo wa fulana ulikuwa umechanika.

Nilizima pampu nikazama kuangalia. Kifuniko cha zamani kilikuwa bapa kama sahani, kimepauka kwa klorini na jua, kina ufa wa kupitisha ukucha, na kati ya skrubu mbili moja haikuwepo. Nimeogelea juu yake miaka mingi bila kukitupia jicho. Pampu haikuwashwa tena hadi vifaa vipya vilipofika. Siku ya nne maji yakaanza ukijani, na nikayaacha hivyo hivyo.

Niliponunua nilikuwa nimeshapiga hesabu, na ndiyo iliyonitoa jasho. Tundu la upana wa sentimita 20 lina eneo la sentimita mraba 314 hivi. Pampu ikivuta kwa nusu baa tu (karibu nusu ya mgandamizo wa kawaida wa hewa), na mgongo au tumbo likaliziba lote, mtu anagandamizwa kwa nguvu ya kilo 160 hivi. Mtu mzima hajinasui hapo, sembuse mtoto. Kumvuta mkono ni kupoteza muda, cha kwanza ni kukata umeme. Swichi yangu sasa iko ukutani kando ya bwawa. Zamani ilikuwa ndani ya kibanda cha pampu, na kibanda kina kufuli.

Kifuniko kipya kimebinuka kama bakuli lililofunikwa, matundu yake yamezunguka mpaka ubavuni, kwa hiyo kiganja au tumbo haliwezi kuyaziba yote kwa mara moja. Juu ya plastiki kumegongwa mambo ya kusoma kabla ya kulipa: kiasi cha juu cha maji kinachoruhusiwa kupita kikiwa sakafuni, kiasi kingine kikiwa ukutani, na umri wake. Changu ni miaka 7 tangu kifungwe. Ndiyo, kifuniko cha bwawa kina tarehe ya kufa kama dawa. Marekani ilipitisha sheria Desemba 2007, ikaanza kutumika Desemba 2008, kwamba mabwawa ya umma yawe na vifuniko vya aina hii, na mihuri hiyo mingi imetokana na viwango vya huko. Lawama yangu ni kwamba vipimo vimeandikwa kwa galoni kwa dakika peke yake. Pampu yangu inasukuma mita za ujazo 12 kwa saa, ambazo ni galoni 53 hivi za Marekani kwa dakika. Ilinibidi nikokotoe mwenyewe dukani, huku muuzaji akinitazama kama mteja msumbufu.

Nilinunua viwili kwa sababu tundu moja pekee ndilo mtego wenyewe. Yakiwa mawili kwenye bomba moja, na umbali kati yake usiopungua futi 3, mwili ukiziba moja maji yanavutwa kupitia la pili. Hapo kuna kosa ambalo hata mafundi hulifanya: wanagawa maji ya pampu kwa mbili na kuchagua vifuniko vidogo. Sivyo. Kila kifuniko kiwe na uwezo wa kubeba maji yote ya pampu peke yake, kwani siku kimoja kikizibwa cha pili kitabeba mzigo wote. Vigae vyangu vilikuwa tayari vinabanduka na bwawa lilikuwa limwagwe maji, kwa hiyo kuvunja sakafu na kuongeza tundu la pili hakukuniuma sana. Kama bwawa lako ni zima sitakushauri ulivunje kwa pupa. Na ukimwaga maji yote, hakikisha ile valvu ya chini ya tundu, inayoruhusu maji ya ardhini kuingia, inafanya kazi. Bwawa tupu juu ya ardhi iliyojaa maji huweza kuinuka kama mtumbwi.

Fundi alipokuja kufunga, skrubu za kifuniko kipya zilikataa fremu ya zamani. "Bosi, tutoboe tu mashimo mengine, itashika." Nikamwambia hapana. Kifuniko kimepimwa pamoja na skrubu zake na fremu yake. Ukikitoboa upya unabaki na kipande cha plastiki chenye mhuri usio na maana. Tukapoteza siku mbili kusubiri fremu. Kwa hili namlaumu mtengenezaji, kwa sababu kwenye boksi hakuna neno lolote linalosema fremu inauzwa pembeni.

Niliuziwa pia kifaa cha kukata mvutano, kinachozima pampu kikihisi mvuto umepanda ghafla. Kinafanya kazi: niliziba skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu pamoja na majani, kwa ubao, pampu ikazima ndani ya sekunde chache. Lakini kikapu cha pampu kikijaa majani kinazima vilevile, na mara tatu nimeamka asubuhi nikakuta maji yamelala usiku kucha bila kuzunguka. Halafu ujue mpaka wake. Nywele zikijisokota ndani ya matundu ya kifuniko haziwezi kuzuia maji, mvuto haupandi, na kifaa hakina habari. Kwa nywele kinachookoa ni kifuniko chenyewe na mtiririko mdogo. Basi kwenye jakuzi, ambako watu hukaa karibu kabisa na matundu ya kuvuta maji, nilibadilisha vifuniko vyote na sikujisumbua na kifaa hicho. Binti yangu naye haingii bila kufunga nywele juu, anune asinune.

Pampu sasa. Ya zamani ilikuwa na kasi moja ya wati 1,100, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, sawa na yuniti 8.8. Mpya inabadilika kasi. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, maji yanapungua kwa nusu lakini umeme unashuka hadi karibu moja ya nane. Kwa hesabu ningetumia wati 137. Kioo cha pampu kinaonyesha 170, kwani mota nayo ina upotevu wake. Naiwasha saa moja kwa kasi kamili asubuhi, kisha saa 12 kwa nusu kasi. Jumla inakuja kama yuniti 3.1. Hiyo saa moja ya asubuhi si ya mapambo: kwa nusu kasi skima hailambi majani vizuri, yanabaki yakielea kama wageni wasiojua njia. Kuosha mchanga wa chujio nako kunataka kasi kamili. Sauti yake ya nusu kasi ni ndogo kiasi kwamba siku za mwanzo nilikuwa naenda kuweka mkono juu yake nihakikishe inazunguka.

Ila pampu nzuri haiondoi kona mfu, yaani pale maji yasipozunguka. Chini ya ngazi mwani uliendelea kuota ule ule. Jioni moja maji yakiwa yametulia nilidondosha rangi nyekundu ya chakula karibu na ngazi, nikachuchumaa kutazama. Kila mahali rangi ilivutika ikawa uzi, ikapotea. Pale chini ya ngazi ilijikunja, ikakaa kama moshi ndani ya chumba kilichofungwa, dakika nne nzima. Pua mbili za kurudishia maji zilikuwa zinatazamana, kila moja inaua nguvu ya mwenzake. Nikalegeza pete, nikazielekeza zote upande mmoja, zimeinama kidogo. Rangi ya pili iliondoka pale kabla sijanyanyuka. Kazi ya mkono, bila bisibisi, na ndiyo iliyomaliza mwani ambao nilikuwa nikiumwagia klorini mwaka mzima.

Kifuniko kimoja kimeanza kupauka pembezoni lakini hakina ufa, na skrubu zote nne zipo. Nazikagua kila Jumamosi kwa kidole. Tarehe ya kuvibadilisha nimeiandika kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Mpwa wangu bado anazama kwenda kugusa. Sasa anagusa ukuta.