Mama, mimi na supu ya vitunguu ya sh 28,000

Jina la hoteli naliacha kapuni. Iko Dar, ya nyota tano, na mgahawa wake unapika Kifaransa. Nilimpeleka mama alipotimiza miaka 60. Mama ni mtu wa Tanga, kapika pilau za harusi tangu sijazaliwa, kwa hiyo nilijua nimeongozana na jaji. Tuliomba meza ya dirishani ili tuone bahari. Msijisumbue kama mnakwenda usiku, kioo kinakuonyesha wewe mwenyewe ukitafuna.

Kabla ya bei, wasiwasi wangu ulikuwa mvinyo. Jiko la Kifaransa haliogopi kuutia chunguni: coq au vin ni kuku wa mvinyo, boeuf bourguignon ni ng'ombe wa mvinyo, na hata supu ya vitunguu wengi huimiminia kidogo. Sisi hatutumii. Mhudumu hakubabaisha. Alikwenda kuuliza jikoni, akarudi na menyu, akatuonyesha kwa kidole kipi kina mvinyo na kipi kina nguruwe. Supu yao, akasema, haina vyote viwili. Kwa hilo nampa alama zote.

Supu ikaja kwenye bakuli la udongo, kipande cha mkate kimezama nusu, juu jibini limeyeyuka na kuungua kidogo pembeni. Mama akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Hivi si vitunguu vya pilau hivi?"

Ni vyenyewe. Vimekaangwa kwa moto mdogo mpaka vikawa vya kahawia na vitamu, na rangi yote ya supu imetoka humo, kama pilau ya kwetu. "Aliyevipika hana haraka," mama akasema, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mimi niliagiza confit de canard, mguu wa bata unaolazwa kwenye chumvi kisha ukapikwa polepole kwa saa kadhaa ndani ya mafuta ya bata mwenyewe. Kusini-magharibi mwa Ufaransa walikuwa wakihifadhi nyama hivyo kabla ya majokofu. Ngozi ilikuwa kavu inayovunjika, nyama ikiachia mfupa kwa kuguswa tu na uma. Chumvi ilinizidi kidogo. Mama, aliyenilia nusu ya sahani, anasema mimi ndiye mgonjwa.

Alinilia kwa sababu samaki wake, changu wa siagi na limau, alikuja dakika 50 baada ya supu, na alikuja mkavu. "Mwanangu, samaki huyu kafa mara mbili." Mjini kwenye samaki hawa wote, pwani hii! Mhudumu aliona sahani imebaki, akauliza, nikamwambia, akaomba radhi vizuri sana. Kwenye bili changu alikuwepo, sh 65,000 kamili.

Na bili yenyewe: supu mbili, bata, changu, crème brûlée moja ya kugawana (kitindamlo cha krimu na mayai, juu sukari iliyochomwa; ililia kokoto chini ya kijiko, safi), maji na juisi mbili, sh 264,000. Halafu VAT ya asilimia 18 juu yake, iliyotajwa kwa herufi za sisimizi mwisho wa menyu. Jumla 311,520. Someni chini kabla ya kuagiza.

Nitarudi kwa supu na bata, samaki nitakula Feri, kwenye soko la samaki. Kwenye teksi mama alikuwa na swali moja tu, jibini lile linauzwa duka gani.